Ushanga wa Mguu wa Injini

Oili ya gia ikizeeka hunuka kitunguu kilichoungua na yai lililosahaulika. Wiki iliyopita nilikuwa Kainuk, nimekaa kwenye kivuli cha lori lililoharibika karibu na kizuizi cha polisi, nikingoja gari lolote la kwenda Lodwar. Turnboi, msaidizi wa dereva, alilala chini akafungua difu, kasha la gia za magurudumu ya nyuma, na oili nyeusi ikaanza kushuka kwenye debe. Sikusogea. Nilikuwa nimechoka na Katilu nilikokuwa nikivuna mahindi ya watu, nimechoka na barabara, na kusema kweli nilikuwa nimechoka hata na huko nilikokuwa nakwenda. Lakini harufu ile iliponifikia, mkono wangu ulipanda wenyewe shingoni ukashika kile kitu. Hufanya hivyo kila mara. Nimezunguka sana tangu nilipoacha shule. Nimepoteza viatu, simu mbili na kitambulisho. Hicho sijakipoteza.

Ni kipete chekundu, chembamba kama kucha, kidogo kuliko shilingi. Kwa mbali mtu hudhani ni ushanga. Ni washa, kile kipete cha kuziba chini ya skrubu ili maji yasipite. Kilitakiwa kuwa kwenye mguu wa injini ya Baba.

Baba alikuwa mvuvi Longech, na alikuwa na injini ya boti. Boti yenyewe haikuwa yake, na nyavu zilikuwa za mtu mwingine. Kila mmoja katika kundi lao alileta kitu, na Baba alileta injini. Bila injini alikuwa mwanaume mwenye mikono miwili tu, na mikono pale ufukweni ilikuwa mingi.

Injini ya boti ina kichwa na mguu. Kichwa kinakaa juu, kinapiga kelele, na watu wote hukiangalia chenyewe. Mguu unaingia majini, una gia ndani yake zinazoogelea kwenye oili, na ndio unaozungusha propela. Kichwa cha injini ya Baba hakikuwahi kusumbua. Mguu ndio uliokuwa mgonjwa. Nyuzi za nyavu kuukuu zilijisokota nyuma ya propela zikakata sili, mpira unaozuia maji yasiingie kwenye gia, au mchanga wa maji mafupi ukala pampu ya mpira inayopandisha maji ya kupoza injini. Basi mara mbili tatu kwa mwaka Baba aliufungua mguu, akauvika gunia na kuubeba begani hadi barabarani. Kutoka Kalokol mpaka Lodwar, kutoka Lodwar mpaka Kakuma, juu ya malori. Wenzake walimcheka kwamba mguu wa injini yake umetembea kuliko chifu.

Lodwar kulikuwa na mafundi wa magari. Waliufungua mara moja kwa nyundo, na Baba hakuwapelekea tena. Kakuma kulikuwa na Mabior.

Mabior alitoka Sudan Kusini, kwenye ukingo wa mto Nile, na kabla ya kukimbia alikuwa fundi wa boti za mtoni. Sasa alikaa kambini, mahali ambapo maji yote aliyoyajua yalitoka kwenye bomba, kwa foleni ya mitungi. Alikuwa mrefu, mwenye macho mekundu yaliyoharibiwa na miaka ya kuchomea vyuma bila miwani, na alikuwa na kiburi kidogo. Ziwa letu hakuwahi kuliona. Mkimbizi hatoki Kakuma bila karatasi ya ruhusa, na nani angempa mtu karatasi ya kwenda kutazama ziwa? Aliijua miguu ya boti za Longech mmoja mmoja, makovu yake na skrubu zake, na hakujua Longech iko upande gani.

Mimi na Mama tuliishi Kakuma mjini. Mama aliuza makaa kambini, nyumba kwa nyumba, na siku zisizo za shule aliniacha kwa Mabior ili nisimcheleweshe. Nilikuwa mtoto wa maswali. Mama alichoka nayo. Mabior aliyajibu, hata yale ya kijinga, huku akinuna.

Mguu ukija, kwanza aliondoa oili ya zamani akaitazama juani. Kisha alibadilisha sili, na kama hakuna sili ya boti alitafuta sokoni ya pikipiki inayolingana. Kisha alifunga tundu la juu, akaingiza mrija wa pampu ya baiskeli kwenye tundu la chini, akauzamisha mguu wote kwenye beseni na kujaza upepo. Mapovu yakitokea, alijua ni wapi panavuja. Maji ya beseni lile yalikuwa ya foleni, kwa hiyo baadaye alinawia mikono, kisha akamwagia mwarobaini wake.

"Nyinyi Turkana," alimwambia Baba, "mnafunga propela kama mnafunga punda."

"Na wewe mtu wa mto," Baba akamjibu, "unakaa jangwani na boti kichwani."

Walipendana hivyo. Baba ndiye aliyemtangaza kule ufukweni, na kufikia wakati huo wenye injini wengine wanne walikuwa wakimletea miguu yao. Ndiyo kazi pekee iliyomfanya ajiite fundi bila kutabasamu. Zaidi ya hapo alikuwa mtu wa foleni kama wengine.

Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, kila kitu kidogo kilichotoka kwenye mguu kililazwa juu ya shuka kuukuu, na kabla ya kufunga kilihesabiwa kwa sauti. Kwa sababu ya macho yake, mimi ndiye niliyehesabu. "Ya binia, soma," aliniita hivyo, msichana kwa Kiarabu chao cha Juba, nami nikasoma: propela moja, pini moja, skrubu mbili, washa mbili. Sheria ya pili ilikuwa usiku wa boksi. Mguu ukishajazwa oili ulitundikwa kwenye tawi la mwarobaini, chini yake pakawekwa kipande cha boksi kikavu. Asubuhi alikipapasa kwa vidole. Kikiwa kikavu, mguu ulikwenda.

"Mimi hapa sina duka, sina bango," alimwambia Mama siku moja. "Mguu usiovuja ndio bango langu. Ukivuja mmoja, kalas. Nimekwisha."

Sasa lazima niseme kuhusu shanga. Kwetu shanga za kwanza za msichana hutoka kwa baba yake. Wasichana wa rika langu jirani walikuwa na shingo zilizojaa, rangi juu ya rangi, na mimi nilikuwa na nyuzi mbili nyeupe alizonivalisha nyanya kwa kunihurumia. Baba aliniahidi nyekundu. Kila alipokuja na mguu begani nilimtazama mikono kwanza, kisha mifuko. "Safari ijayo, Nakiru," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekuwa amesahau.

Safari ninayoikumbuka alilala kwetu usiku mmoja, na asubuhi tukaenda pamoja kwa Mabior kuchukua mguu. Nilikuwa nimemwuliza njiani kuhusu shanga. Alinipapasa kichwa tu. Tulipofika, nikaenda moja kwa moja kwenye shuka. Karibu na skrubu, juu ya kifuniko cha chupa, kulikuwa na vipete viwili vyekundu.

Washa za siku zote nilizijua. Zilikuwa nyeusi, zimebanwa na kutumika mpaka zikachakaa, na Mabior alizisugua na kuzirudisha. Hizi zilikuwa mpya, alizipata kwa Msomali mmoja wa vipuri, na mimi sikujua kwamba washa ikiwa mpya huwa nyekundu. Nilijua jambo moja tu: Baba ameahidi nyekundu, na nyekundu ndizo hizi. Nikafikiri, moja ni ya mguu, moja ni yangu, Baba alimwachia Mabior anitunzie. Sehemu yangu ndogo ilijua kwamba hilo halikai sawa. Lakini mtoto akitaka kitu sana hujitungia sheria zake. Nikaichukua moja, nikaiweka mdomoni, chini ya ulimi.

Nje ya ua lori lilipiga honi. Lilikuwa limeshusha mahindi ya kambi na lilikuwa likirudi Lodwar tupu.

"Dereva anasema nusu saa," Baba alisema.

"Mwambie aende. Usiku wa boksi bado."

"Leo hakuna usiku, Mabior. Kesho jioni wasiponiona wanaweka injini ya mtu mwingine kwenye boti. Wameshaniambia."

"Mguu hautoki hapa bila boksi."

"Ndugu yangu," Baba akasema polepole, "umewahi kufunga mguu ukavuja?"

Mabior aliwaza, na nikaona kile kiburi chake kikipanda usoni kama mtu aliyesifiwa mke. "Bado," alisema.

"Haya basi."

Akavuta shuka. "Ya binia, soma."

Nilisoma. Propela moja. Pini moja. Skrubu mbili. Na kitu kile chini ya ulimi, nikasema, "Washa mbili." Mbili ndiyo iliyokuwa hesabu ya siku zote.

Kujaza oili kulitaka watu wawili. Oili huingizwa kwa tundu la chini, inapanda taratibu na kusukuma hewa, mpaka inapotokea tundu la juu. Hapo unafunga juu kwanza. Ukishafunga juu, oili haimwagiki chini hata ukitoa mrija, kama soda iliyozibwa na kidole ndani ya mrija. Lakini hukai kuitazama. Mabior aliubana mguu katikati ya magoti na kukamua chupa, na vidole vyangu vidogo ndivyo vilivyoweka skrubu.

"Juu," alisema. Nikaweka ya juu, na washa yake.

"Chini." Nikaweka ya chini, tupu.

Alikaza zote mbili kwa bisibisi, akapangusa mguu kwa shuka kama mtu anayempangusa mtoto uso, na Baba akaubeba.

Siku ile ile nilifungua uzi mweupe wa nyanya nikaweka ile washa katikati. Ilipendeza. Lakini jioni kitu kikaanza kunikwaruza moyoni, na nilipokwenda tena kwa Mabior, uzi umefichwa ndani ya gauni, nikamwuliza hivi hivi, kama swali lolote langu: skrubu ya chini isipokuwa na washa inakuwaje?

Alikuwa akinoa patasi. Hakuinua kichwa. "Mguu unapumua," alisema. "Ukifanya kazi unapata joto, unatoa pumzi. Ukipoa, unavuta. Pasipo washa unavuta maji, unakunywa. Na oili ikinywa maji inageuka maziwa."

"Maziwa?"

"Maziwa kabisa. Meupe."

Nikalala vizuri usiku ule. Nani angenilaumu? Nyanya yangu akitaka kubariki kitu alikinyunyizia maziwa: mtoto mgonjwa, mlango mpya, mbuzi anayepelekwa mbali. Katika maisha yangu yote sikuwahi kusikia kitu kikigeuka maziwa na watu wakasikitika. Nilimwona Baba katikati ya ziwa akifungua mguu wake na maziwa yakitoka, na samaki wakija. Niliona hata nimemfanyia jambo zuri, na kwamba siku moja nitamwambia ni mimi.

Wiki zikapita. Kisha siku moja ya joto baya nilikuwa uani kwa Mabior, uzi wangu uko nje ya gauni kwa sababu ya jasho, Baba akaingia. Alikuwa amekonda, midomo imepasuka. Mguu haukuwa na gunia. Aliuweka chini, na hakusema ejok, salamu yetu, wala hakungoja aambiwe keti.

"Fungua," alimwambia Mabior.

Mabior aliweka debe, akafungua skrubu ya juu, kisha ya chini. Kwanza kilitoka kitu kama maji machafu. Kisha ikaja nyeupe, nzito, ikishuka polepole, na ndani yake vipande vidogo vya chuma viking'aa.

"Maziwa," nilisema. Nilisema kwa furaha. Nadhani hata nilipiga makofi.

Wanaume wote wawili waligeuka. Mabior alinitazama uso, kisha akateremsha macho yake mabovu mpaka shingoni, akasogea kidogo ili aone vizuri. Alitazama kwa muda. Kisha akaangalia ile skrubu ya chini mkononi mwake, akaizungusha kwa kidole gumba, ikiwa tupu.

"Siku mbili," Baba alisema. Alikuwa akimwambia Mabior, au akiliambia debe. "Gia zililia, kisha zikanyamaza. Upepo ukatuchukua mpaka ng'ambo, kwenye matete. Tulikata nyavu ili boti isipinduke. Kijana mmoja alitapika damu kwa kiu. Mwenye boti amesema nisirudi. Ulinifungia bila washa, Mabior."

Nilikuwa nimeanza kuelewa, si yote, lakini ya kutosha. Nilitaka kusema. Neno lilikuwepo, na lilikuwa fupi, mimi. Nilimngoja Mabior aseme, kwa sababu alishaona. Ningekana, au ningelia, moja kati ya hayo.

"Ndiyo," Mabior alisema. "Sikuhesabu."

"Hukuhesabu."

"Macho. Nimezeeka."

Baba aliubeba mguu wake, maziwa yakidondoka njia nzima mpaka getini, na kwenda. Alisema ataupeleka Kitale. Nikabaki na Mabior, nikaanza kuvua uzi.

"Acha," alisema. "Sasa ya nini? Mguu umekwenda."

Ningependa kusema kwamba aliniwekea mkono begani. Hakufanya hivyo. Aliketi mbali nami mpaka Mama alipokuja na gunia lake tupu, akamwambia, "Mama Nakiru, huyu binia asikae hapa tena. Kuna vyuma." Mama akamshukuru kwa kunijali.

Habari ilifika ufukweni kabla ya Baba mwenyewe, na miguu haikuja tena Kakuma. Wote wanne wakaanza kutuma Kitale. Nilipita mara nyingi nje ya ua wake nikitoka shule. Mwanzoni alikuwa akitengeneza baiskeli, kisha nikamkuta ameketi tu, na tawi la mwarobaini liko tupu. Kila mara niliamua kwamba kesho nitaingia. Wakati ule watu wa kwao walikuwa wakirudi, nchi yao ikiwa mpya, na siku moja jirani yake aliniambia Mabior amepanda basi. Alisema hapa hana kazi, na mto wa kwao bado una boti.

Haukupita muda mrefu vita vikaanza huko. Malori na mabasi yakaja Kakuma mchana na jioni, yamejaa watu wenye vumbi kwenye kope. Nilisimama barabarani badala ya kwenda darasani, nikitazama nyuso za wanaume warefu wakishuka. Siku moja, wiki moja, kisha muhula. Mwalimu aliita jina langu mpaka akachoka. Hivyo ndivyo nilivyoacha shule. Watu wakiniuliza husema karo, kwa sababu inaeleweka haraka. Mabior sikumwona akishuka, na sijakutana na mtu anayejua alipo.

Nilipokua nilikwenda Longech mwenyewe, nikajifunza miguu. Nakaa miezi, naifungua na kuifunga, nahesabu kila kitu kwa kukigusa kwa kidole, kisha nachoka na kuondoka, kisha narudi. Usiku wa boksi siukati kwa yeyote. Wananicheka: binti wa mvuvi anatandika boksi kama anayelaza mtoto.

Lori la Kainuk halikupona, lakini lingine lilinichukua, na juzi nilifika Longech kwa Baba. Haendi tena ziwani. Anashona nyavu za watu, amekaa na miguu imenyooshwa mbele. Nilikaa karibu naye, na labda ni ile harufu ya difu iliyokuwa bado kwenye nguo zangu, nikamwambia. Nilimwambia yote, chini ya ulimi, washa mbili, maziwa.

Aliendelea kushona. Alimaliza tundu moja, akaanza jingine.

"Niliiona," alisema. "Siku ile ya maziwa. Ilikuwa hapo shingoni kwako, nyekundu."

"Ningefanya nini? Wewe ni mtoto wangu. Kuna watu walikaribia kufa kwenye ile boti, walitaka jina la mtu wa kulaumu. Nilimngoja Mabior aseme ni wewe. Hakusema." Akakata uzi kwa meno. "Basi nikamwachia kosa lile."

Upepo ulikuwa ukirusha mchanga kwenye nyavu. Akanyoosha mkono bila kunitazama, na nikajua anataka nini. Nikavua, nikampa. Aliishika kwa vidole viwili, akajaribu kuikunja kidogo, ikatoa unga mwekundu pembeni.

"Imekauka," alisema. "Hii haiwezi kuziba kitu tena."

Akanirudishia. Nikaivaa.